Kariakoo simu mfukoni, London simu mkononi

Mzazi wa Dar es Salaam anayekwenda Kariakoo mwezi Januari kununua sare na madaftari hahitaji kufundishwa na mtu. Fedha amezigawa: nauli iko mfuko wa mbele, ya manunuzi iko ndani kabisa ya nguo. Mkoba uko kwapani, zipu imeelekea kifuani. Simu ikiita katikati ya msongamano anaiacha iite. Akiona ni ya lazima, anaingia duka la karibu, anaongea maneno mawili na kuirudisha ilikotoka. Wa Nairobi anayeshuka Gikomba ni yule yule. Mtoto anayeshikwa mkono amejifunza hayo yote kabla hajajua kusoma.

Mzazi huyo huyo akipata viza na kwenda London kwenye mahafali ya binti yake, siku ya pili anakutwa amesimama ukingoni mwa Oxford Street, mgongo ameupa barabara, simu ameinyanyua juu akipiga picha mabasi mekundu ya ghorofa. Mkoba ameutundika kwenye mpini wa kigari cha mjukuu, zipu wazi. Mtaa umefagiliwa. Watu wanapanga foleni hata ya basi. Polisi aliyepita hana bunduki. Moyo umeshaamua kwamba huku hakuna vibaka.

Huo si ushamba, kama wageni wanavyotaniwa. Nyumbani mtu hujihadhari akiona msongamano, kelele na vijana waliokaa bila kazi. Akifika mahali pasipo na hayo, mwili unalegea wenyewe. Bahati mbaya usafi wa mtaa haumzuii mwizi, na mtaa uliojaa wageni waliolegea ndio anaoutafuta.

Takwimu za polisi wa London zinaonyesha kuwa mwaka 2020 simu zilizoibwa jijini humo zilikuwa chini ya 30,000. Mwaka 2024 zilizidi 80,000. Eneo linaloongoza ni Westminster, ndani yake zimo Oxford Street, Soho na Trafalgar Square, yaani huko huko ambako mwenyeji humpeleka mgeni wake kutembea. Ubalozi wa Tanzania uko Stratford Place, hatua chache kutoka Oxford Street, na wa Kenya uko Portland Place, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Kwa hiyo hata anayekwenda kushughulikia pasipoti iliyoibwa anapita njia ile ile ya walioiiba.

Mkwapuaji wa London huja kwa nyuma juu ya baiskeli ya umeme, amevaa nguo nyeusi, kofia na kitambaa cha kuficha uso. Hupanda kidogo kwenye njia ya waenda kwa miguu, hunyoosha mkono, na kabla mwenye simu hajageuza shingo amekwisha kata kona. Anayeujua ukwapuaji wa bodaboda wa mijini nyumbani hana jipya la kujifunza hapo, isipokuwa ule ukimya. Bodaboda angalau hunguruma. Mwaka 2025 duka moja la vifaa vya umeme la Oxford Street lilichoresha mstari wa zambarau pembezoni mwa njia ya waenda kwa miguu, kuwaonya wapita njia wasikae karibu na barabara wakiwa na simu mkononi. Onyo hilo linatosha kuwa kanuni ya kwanza: anayetaka kutazama ramani aegemee ukuta au aingie dukani, uso akiuelekeza barabarani.

Simu ndiyo pochi

Mwizi huyo anapenda zaidi simu iliyofunguliwa. Ndiyo sababu humvizia anayeandika ujumbe au anayefuata ramani, si aliyeiweka mfukoni. Simu iliyofungwa ni chuma cha kuuza kwa vipuri; iliyo wazi ni mlango wa nyumba.

Na nyumba yenyewe imejaa. Katika simu ya mzazi mmoja wa Afrika Mashariki imo M-Pesa, Airtel Money au Mixx, imo programu ya benki, zimo fedha za ada ya muhula ujao na michango ya kikundi ambacho yeye ni mweka hazina. Imo tiketi ya kurudi. Imo anuani ya binti waliyemfuata, ambayo hakuna aliyeiandika popote. Zimo picha za pasipoti za familia nzima, na pasipoti inataja mwaka wa kuzaliwa, na mwaka wa kuzaliwa ndio namba ya siri ya watu wengi mno.

Kazi kubwa ya kujilinda basi hufanyika sebuleni, wiki moja kabla ya safari, na inawahusu baba na mama wote wawili. Isiachiwe yule mmoja anayesemekana anajua mambo ya simu.

Laini ya nyumbani ndiyo ya kufikiriwa kwanza, kwa kuwa namba za uthibitisho za benki huingia humo. Mwizi asiyeweza kufungua simu anaweza kuichomoa laini, akaiweka kwenye simu yake na kuanza kupokea namba hizo kama mwenyewe. Kinga yake ni ya zamani na wengi hawajawahi kuigusa: namba ya siri ya laini yenyewe, ambayo huwekwa kwenye mipangilio ya simu. Ikishawekwa, laini haifanyi kazi kwenye simu nyingine bila namba hiyo, na anayekosea mara tatu hudaiwa namba ya PUK, ile iliyochapwa kwenye kadi laini ilipotokea. Kadi hiyo ibaki nyumbani kwa ndugu anayepatikana kwa simu wakati wowote.

Njia iliyo bora zaidi ni kutotembea na laini hiyo kabisa. Familia nyingi zina simu ya zamani iliyolala kabatini. Laini ya nyumbani ikae kwenye simu hiyo, na simu hiyo ibaki kwa mwenyeji au hotelini, ndani ya sanduku lililofungwa. Simu ya kutembea nayo iwekwe laini ya huko huko. Wakenya wana jina la kuchekesha kwa simu ndogo ya batani yenye tochi, mulika mwizi, lakini kwa safari ya Ulaya simu hiyo inaweza kugoma kwa sababu mitandao ya huko inaendelea kuzima mitambo ya zamani. Ya pili iwe na uwezo wa 4G.

Kwenye iPhone upo ulinzi maalumu wa simu iliyoibwa, ulioletwa Januari 2024. Mwizi aliyeiona namba ya siri ikibonyezwa hawezi kubadili nywila za mwenyewe akiwa mahali simu isipopazoea, mpaka uwepo uso au kidole cha mwenye simu. Simu nyingi za Android nazo zimepewa uwezo wa kujifunga zikihisi zimenyakuliwa ghafla. Vyote viwili vinahitaji kuangaliwa kama vimewashwa. Ni kazi ya dakika tano, na kijana wa sekondari aliyeko nyumbani ataifanya kwa furaha kuliko kuosha vyombo.

Kuna mtego mmoja unaowakamata hata waliojiandaa. Simu imeibwa, mama anaazima ya mwenzake ili aifunge yake kwa mbali, anaandika anuani yake ya barua pepe na nywila, na Google inamjibu kwamba imetuma namba ya uthibitisho. Imeituma wapi? Kwenye simu iliyoibwa. Google huruhusu mtu kuchapisha mapema namba kumi za akiba kwa ajili ya siku kama hiyo. Karatasi hiyo akae nayo mume, na ya mume akae nayo mke. Kila mmoja aandike pia IMEI ya simu ya mwenzake, tarakimu 15 zinazojitokeza mtu akibonyeza *#06#, kwa kuwa polisi na mtandao watazitaka.

Kuhusu fedha, hakuna sababu ya akiba yote ya familia kusafiri. Akaunti inayofikiwa kwa simu ibaki na ya wiki mbili tu, na benki iombwe ipunguze kiwango cha juu cha kutuma kwa siku. Kadi ya baba na kadi ya mama zisikae pochi moja.

Dakika moja baada ya wizi

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko simu, na ndipo wazazi wachache wanapopafikiria.

Mama yuko nje ya kituo cha treni cha King's Cross na watoto wawili, wa miaka minane na minne. Simu inakwapuliwa. Mwili unajibu kabla ya akili: anapiga ukelele wa "Mwizi!" na kutimua mbio. Kariakoo neno hilo moja lingeinua mtaa mzima. King's Cross hakuna anayelielewa, na anayelielewa kwa sura ya mpigaji atasimama akitazama. Baiskeli ya umeme haifikiwi kwa miguu. Mama amekimbia hatua hamsini, na wa miaka minne amemfuata, kwa sababu mtoto wa umri huo humfuata mama, na mbele yake kuna barabara ambayo magari hutokea upande aliouzoea lakini taa na vivuko ni vigeni. Wa miaka minane amebaki na sanduku. Watatu hao wametengana katika kituo ambacho watu wake hawatazamani usoni, na simu ambayo ingewakutanisha ndiyo iliyokwenda.

Baba ana hatari yake nyingine. Baba hukimbia kwa sababu ameibiwa mbele ya wanawe na anaona haya. Wakwapuaji wengine hubeba visu, na wengi hawatembei peke yao.

Hivyo familia ikubaliane kabla ya kusafiri kwamba hakuna anayekimbiza, na isiishie kusema. Mazoezi yafanyike wakati wa kwenda shule au sokoni, kama mchezo. "Mama akiibiwa mnafanya nini?" Wajibu wajue: mkubwa anamshika mdogo mkono, wote wanaegemea ukuta uliopo karibu, na hakuna anayeachia mpaka mama aseme. Mzazi ajizoeze upande wake pia, kwani wake ndio mgumu: mikono iende kwa watoto kwanza. Anayevutwa mkoba auachie. Mkoba wenye mkanda uliovukishwa kifuani huzuia mchomoaji wa taratibu, lakini ukinaswa na mtu aliye juu ya pikipiki unaweza kumburuta mwenyewe chini. Uvaliwe upande wa ukuta, si wa barabara.

Mtoto awe na kadi ndogo ndani ya mfuko wake, si nje ya begi. Iandikwe kwa Kiingereza namba ya simu ya wazazi wote wawili, namba ya mwenyeji na anuani wanapolala. Jina la mtoto lisiandikwe mahali linapoonekana, maana mtoto humwamini upesi mtu anayemwita kwa jina. Akipotezana na wazazi asimame pale pale alipowaona mwisho, na akihitaji msaada amwendee mtu aliyevaa sare kituoni, mwenye duka aliye nyuma ya kaunta au mama mwenye watoto. Anayeweza kukariri afundishwe namba moja tu, 112. Inafanya kazi Uingereza pamoja na 999, inafanya kazi Ufaransa, Italia, Hispania na Uturuki, na Tanzania na Kenya pia ipo.

Watoto wakishakuwa salama ndani ya duka, ndipo simu ya mwenzake itumike kuifunga iliyoibwa na kuipigia benki. Polisi wa Uingereza hupigiwa 999 ikiwa mwizi bado yupo au mtu ameumia; vinginevyo ni 101 au tovuti yao, na wao hutoa namba ya kumbukumbu, mfano wa RB ya Tanzania au OB ya Kenya. Namba hiyo itadaiwa na bima na ubalozi, kwa hiyo ichukuliwe hata kama hakuna matumaini ya kuipata simu.

Wapo watakaoiona simu yao kwenye ramani, ikionyesha mtaa na nyumba, na kutaka kwenda kugonga mlango. Wasiende. Taarifa hiyo ina thamani ikiwa mikononi mwa polisi. Mkesha wa Krismasi 2024 mtu mmoja aliyeibiwa London aliifuatilia simu yake kwa ramani hadi kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Ndani ya sanduku zilikutwa simu nyingine karibu 900 zikisubiri kusafirishwa Hong Kong, na uchunguzi ulioanzia hapo uliwafikisha polisi kwa mtandao unaoshukiwa kupeleka China simu 40,000 kwa mwaka.

Siku chache baada ya wizi huja ujumbe mtamu: "Simu yako imepatikana, bonyeza hapa uingize nywila yako." Mara nyingine hutumwa kwa ndugu ambaye namba yake ilionyeshwa kwenye kioo cha simu kwa ajili ya kurudishiwa. Huyo ni mwizi yule yule au mnunuzi wake, anataka simu itolewe kwenye akaunti ya mwenyewe ili iuzwe nzima. Ndugu wa nyumbani waambiwe mapema, kwani bibi aliyeko kijijini akipokea habari njema atabonyeza.

Wanaotumia adabu ya mgeni

Paris na Roma ukwapuaji upo, lakini sifa ya miji hiyo ni uchomoaji wa taratibu, na uchomoaji hutegemea mtu kusimama. Mtu wa pwani au wa bara aliyelelewa vizuri akisemeshwa husimama. Akisalimiwa huitikia. Akinyooshewa mkono huutoa wake. Wezi wa Paris hawajui Kiswahili, lakini tabia hiyo wanaijua.

Chini ya kanisa la Sacré-Cœur, kule Montmartre, wapo vijana wanaomfunga mgeni uzi wa rangi mkononi kwa maneno ya urafiki, kisha wanadai malipo, na wakati mkono mmoja umefungwa uzi mfuko hauna mlinzi. Karibu na mnara wa Eiffel huja wasichana na karatasi ya kuomba saini kwa ajili ya walemavu. Karatasi huwekwa juu ya mkoba au juu ya simu iliyo mezani, na ikiondoka huondoka na kilichokuwa chini yake. Kwenye mashine za tiketi za treni hutokea mtu mwema anayetaka kusaidia. Kutomjibu mtu wa namba hiyo si utovu wa adabu katika miji ile. Wenyeji wenyewe hupita kama hawakusikia. Ni vizuri mzazi awaeleze hivyo watoto waziwazi, la sivyo watamwona baba aliyewafundisha kuamkia watu akimpita mtu kama jiwe, na watashindwa kuelewa.

Na mwizi asitafutwe kwa sura. Tarehe 10 Aprili 2013 makumbusho ya Louvre hayakufunguliwa kwa sababu wafanyakazi waligoma, wamechoshwa na magenge ya wachomoaji, na wengi wa wachomoaji hao walikuwa watoto, ambao huingia bila kulipa. Mtoto wa miaka kumi na mbili anayemgusa mama mwenye kigari hamshtui mtu. Wengine huvaa kitalii kabisa, kofia na ramani mkononi. Anayemchunguza kila mwenye ngozi au vazi fulani atakuwa ametazama upande mwingine wakati mkono unaingia. Kinachostahili kutazamwa ni msukumano usio na sababu: mtu anayesimama ghafla mlangoni mwa treni, kundi linalobana wakati wa kupanda, anayemwagia mtu kitu na kukimbilia kumfuta.

Mahujaji Wakatoliki wanaokwenda Roma wengi hupanda basi namba 64, linalotoka kituo cha Termini kuelekea upande wa Vatikani. Wachomoaji nao hulipanda. Ndani ya basi hilo begi la mgongoni livaliwe kifuani, na pochi isikae mfuko wa nyuma. Waliokwenda Makka wana uzoefu wa kuwapa wenzao. Ihramu ya mwanamume haina mfuko, kwa hiyo fedha na hati hukaa kwenye mkanda wenye vifuko, kiunoni, chini ya mkono wa mwenyewe. Wahenga waliita mahali hapo kibindoni, na bibi aliyefunga noti kwenye pindo la kanga hakuwa amepitwa na wakati. Viwanja vya ndege huuza vifuko vya aina hiyo kwa bei ya kushangaza. Fundi cherehani wa mtaani hushona kimoja ndani ya sketi au suruali, na kinakaa vizuri zaidi.

Asitarajiwe polisi wa huko kuacha kila kitu kwa ajili ya pochi. Hispania, kwa mfano, wizi usio wa nguvu na usiozidi thamani ya euro 400 huhesabiwa kisheria kuwa kosa dogo, na anayeshikwa mara nyingi hutozwa faini na kuondoka. Wapo pia wanaojifanya polisi, wenye kitambulisho cha kung'aa, wanaotaka kukagua pochi barabarani. Jibu ni kuomba kwa upole kwenda kituoni pamoja, au kupiga 112 hapo hapo.

Johannesburg ni habari nyingine. Wazazi wengi wa Tanzania, Zambia na Kongo huenda huko kibiashara, wengine na watoto wakati wa likizo. Huko mwizi anaweza kuwa na bastola, na yote yaliyosemwa juu ya kuachia yanakuwa amri: mikono ionekane, simu na pochi vitolewe bila neno, na watoto wakatazwe kulia kwa kuinamishwa vichwa kifuani mwa mzazi. Wapo wahalifu wanaofuata magari ya wageni kutoka uwanja wa ndege wa O.R. Tambo, hivyo usafiri upangwe kabla na ndege ichaguliwe inayotua mchana. Fedha za kigeni zisibadilishwe mbele ya watu pale uwanjani. Ndani ya gari mikoba ikae kwenye buti, si kwenye kiti, kwa kuwa vioo huvunjwa magari yanaposimama kwenye taa, ambazo wenyeji huziita roboti. Anayejitolea kusaidia kwenye mashine ya ATM akataliwe hata akiwa na sare. Polisi ni 10111.

Pasipoti tano, mkoba mmoja

Familia ya watu watano kwa kawaida ina mtu mmoja anayetunza pasipoti zote, na karibu kila mara ni mama, kwenye mkoba ule ule wenye biskuti na nepi. Mkoba ukienda, watu watano wamekwama. Zigawanywe kwa watu wazima wawili. Uingereza mgeni halazimiki kutembea na pasipoti mtaani, kwa hiyo zibaki nyumba waliyofikia. Ufaransa na Italia polisi wanaweza kumtaka mgeni aionyeshe, na huko ivaliwe ndani ya nguo. Nakala za karatasi zikae kwenye sanduku la mwingine, na moja kwa ndugu nyumbani.

Ikiibwa, taarifa ya polisi ndiyo ya kwanza; Ufaransa huitwa plainte, Italia na Hispania denuncia, na maneno hayo mawili yanafaa kuandikwa pembeni ya nakala. Taarifa hiyo ndiyo hupelekwa ubalozini ili kuomba hati ya dharura ya kurudia nyumbani. Hati hiyo ni ya kurudi tu, kwa hiyo aliyekuwa na mpango wa kuendelea na nchi ya pili ajue mpango umeishia hapo. Pasipoti iliyokwisha kutangazwa kuwa imeibwa haitumiki tena hata ikiokotwa kesho yake chini ya kiti cha gari la mwenyeji, na hilo hutokea. Kabla ya kutangaza, chini ya viti patazamwe.

Bima inayodaiwa kwa viza ya Schengen, ile ya angalau euro 30,000, ni ya matibabu na kurejeshwa nyumbani. Wengi huilipia wakiamini inafidia pia simu na mizigo. Baadhi hufidia, nyingine hazigusi kabisa, na jibu liko kwenye karatasi ya masharti ambayo wakala huitoa mwisho, baada ya risiti. Iombwe kabla ya kulipa.

Familia itakayopita miji miwili au mitatu ikumbuke pia kubadili ile kadi iliyo mfukoni mwa mtoto kila inapohama. Iliyoandikwa anuani ya London haimrudishi mtoto hotelini Paris.